Kijumba cha Shangazi na Wimbo wa Kuamia Ndege

Shangazi yangu ana kichwa kigumu, na sasa namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikiguswa nalipuka, nikishalipuka naona aibu, kisha naomba chai. Yeye akikataa jambo hapandishi hata sauti. Anarekebisha hereni, anafunga upya kilemba, anakwambia, "Sawa mwanangu, nimekusikia," halafu anaendelea na alichokuwa anafanya. Tumeishi wote hapa Ifakara miaka mingi, yeye mtaa wa chini kuelekea Mto Lumemo, mimi karibu na soko ambako nina cherehani yangu, na sikumbuki hata mara moja niliyomshinda katika ubishi.

Zamani alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, aliyoijenga na marehemu mumewe kidogo kidogo, mavuno hadi mavuno. Mto uliichukua. Haikuanguka kwa kishindo. Maji yaliingia mchana kweupe, yakakaa ndani bila haraka, na yalipotoka kuta zilikuwa zimelegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Tukaokoa bati, milango na madirisha. Mengine tuliyaacha palepale yakageuka kichuguu.

Wanawe walioko Morogoro na Dar es Salaam walimpigia simu wakimtaka ahamie kwao. Mimi nikamchukua kwangu kabla hawajamaliza kubishana. Nina nyumba ya kutosha, nina watoto wa kumtuma, nikampa chumba chenye dirisha la upande wa upepo. Akakonda. Nilidhani ni malaria, nikampeleka kupima, hana kitu. Siku moja nikamkuta jikoni amesimama katikati, mikono mitupu.

"Shangazi, unatafuta nini?"

"Chumvi."

"Si ungeniambia nikuletee."

"Ndiyo hiyo sasa," akasema. "Nakula vizuri, nalala vizuri, wewe ni mtoto mzuri. Lakini mtu mzima kila siku aulize chumvi iko wapi? Nataka kwangu, mwanangu. Hata kukiwa kudogo, niwe najua kila kitu kilipo."

Masika yalipoisha akarudi kwenye kiwanja chake, akamwita fundi seremala, akamwambia amjengee dungu.

Aliyekulia katika bonde hili analijua dungu. Mpunga ukianza kuzaa familia zinahamia shamba, na huko shambani hakuna anayejenga nyumba ya chini, kwa sababu chini kuna maji, kuna nyoka, na siku nyingine kuna kiboko. Unasimamisha nguzo, unatandika fito juu, unaezeka, unapanda kwa ngazi. Juu ya dungu ndiko unakolala, na ndiko unakoshinda kutwa ukiamia ndege, maana kweleakwelea wakitua kwenye mpunga mchanga wanamaliza jasho la msimu mzima kwa asubuhi moja.

Na huwezi kuamia ndege kimya kimya. Unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, na unaimba. Wimbo unakwenda na ndege. Ukiwafukuza kwako wanaelekea kwa jirani, kwa hiyo unamwita jirani kwa wimbo, naye lazima aitikie ndipo uendelee. Asipoitikia unaita tena, na tena, kwa sababu huenda amesinzia na ndege ndio hao wanamshukia. Mtoto aliyeshindwa kuitikia alichekwa mpaka mavuno. Sisi wote tumelelewa hivyo, kuanzia Kiberege mpaka ng'ambo ya mto, na hata leo ukiniita kwa sauti ile nikiwa nimelala nitaitikia kabla sijafumbua macho.

Basi shangazi akatengenezewa dungu la mjini. Nguzo za mtiki zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, sakafu ya mbao, kuta za mbao, bati lililotoka kwenye nyumba ya zamani, na baraza jembamba mbele ambalo watu wawili wakikaa wa tatu anasimama kwenye ngazi. Ndani ni chumba kimoja. Kitanda kimeshikizwa ukutani, chini ya kitanda kuna masanduku, juu ya mlango kuna rafu ya vyombo, na vitu vingine vyote vinaning'inia: sufuria, ungo, mwavuli, rozari, picha ya harusi. Amejiwekea sharti kwamba kitu kimoja kikiingia, kingine kitoke. Nilipompelekea chupa mpya ya chai aliipokea kwa vigelegele, kisha akanikabidhi sinia.

"Hili peleka kwako. Wewe una pa kuliweka."

Pale sokoni nilikosea mara moja tu, nikasema naenda kuona nyumba ndogo ya shangazi. Wauza mchele walicheka wakashika mbavu, wakaniuliza huyo mume wa mtu aliyemweka kinyumba ni nani. Tangu siku hiyo nasema kijumba.

Nilikipenda kijumba kile, tena nilikionea wivu. Kufagia kwake kunaisha kabla redio haijamaliza tangazo la kwanza. Hana chumba cha kufungia vitu vilivyoharibika, kwa hiyo hana kitu kilichoharibika. Mvua zilipokuja na Lumemo ukatoka tena, maji yalipita chini kati ya nguzo, naye amekaa barazani anabangua karanga, akiyaangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani wakipita. Majirani waliokuwa wanamcheka wakaacha kucheka. Msimu uliofuata vijumba vya miguu vilichomoza mtaa mzima: cha muuza kambale, cha mwalimu mstaafu, cha wajane wawili ndugu.

Mmoja wa waliojenga alikuwa mama mmoja Msukuma, ambaye kijumba chake kilikuwa ukingoni kabisa mwa mto. Yeye na mumewe waliingia bondeni na ng'ombe. Baadaye mume akasonga na mifugo kuelekea kusini, mama akasema amechoka kuhama, akabaki na shamba lake la mpunga. Ana sauti nzito ambayo ukiisikia kwenye simu unasema shikamoo baba. Yeye na shangazi walipendana kwa namna yao, yaani kila mmoja alimsema mwenzake kutwa nzima, na jioni wakala pamoja.

Mji nao ukawa unakua. Tukapata halmashauri ya mji, wakaja wapimaji, ikaja ramani yenye barabara ambazo bado hazipo. Yakaja na masharti ya ujenzi: ndani ya mji nyumba ya kuishi iwe na msingi, kuta ziwe za tofali, vyumba visipungue viwili, na kibali kitangulie kabla ya jembe la kwanza. Vijumba vya miguu vikaitwa mabanda.

Mtendaji wa mtaa alikuja na fundi mpaka rangi kuweka alama ya X nyekundu, ile ambayo kila Mtanzania anaijua maana yake. Mpaka rangi akazunguka kijumba mara mbili akitafuta ukuta. Kuta ziko juu, yeye yuko chini na kopo lake.

"Paka kwenye nguzo, baba," shangazi akamwambia kutoka barazani. "Ila usichuruzishe, nimeanika nguo."

Akapaka kwenye nguzo. Mtendaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwa upole kwamba avunje mwenyewe kabla ya masika, la sivyo watakuja kuvunja wao. Shangazi akamjibu kwamba amemsikia. Mimi niliposikia nilijua maana yake yote. Nyumba ya tofali ya vyumba viwili hana uwezo nayo, na hata angekuwa nao, mto ungeichukua vilevile. Kijumba kikivunjwa atarudi kwangu, atakonda tena, na safari hii sidhani kama angenenepa.

Kesho yake nilifunga cherehani nikaenda halmashauri. Nikamkuta afisa mipango miji, mwanamume wa makamo, mpole, shati limenyooka kwa pasi. Akanikaribisha kiti, nikakataa kukaa. Niliyoyasema pale mengine siyaandiki. Yeye alisikiliza mpaka pumzi zikaniishia.

"Mama," akasema, "nyumba zikibebwa na maji naulizwa mimi. Zikiungua naulizwa mimi. Hakuna aliyekaa akatunga masharti ili amtese shangazi yako."

"Sasa yeye aende wapi?"

"Mwezi ujao kuna mkutano wa hadhara wa mtaa. Leteni hoja zenu pale. Zikisemwa mbele ya wananchi zikaingia kwenye muhtasari, na mimi nitakuwa na pa kuanzia."

Nilipofika mlangoni akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa hapa. Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza yeye ni wa wapi.

"Chita."

Nilitoka nikizidi kuchemka. Mtu wa Chita, nikajisemea, mtoto wa bonde kabisa, ndiye anatuita mabanda?

Shangazi alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Umemtukana?"

"Kidogo."

"Ulimsalimia kwanza?"

Nikachota mchele nikaanza kuchambua nami.

"Yaani umefunga kazi yako, umekwenda mpaka ofisini, umemtukana mtu bila salamu." Akatikisa kichwa, akaendelea na mchele wake. "Huo mkutano tutakwenda. Na tutaimba."

Hapa nieleze kidogo. Shangazi ni kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama wa mtaa. Kila ofisi yenye jambo lake huwaita watoe burudani. Wameimba vyandarua, wameimba chanjo, wameimba kunawa mikono, siku moja waliimba kumkaribisha mgeni rasmi ambaye hakufika. Hupewa maneno ya kuimba, wakishaimba hupewa soda, wakarudi nyumbani.

"Miaka yote tunaimba maneno yao," akasema. "Watatupa nafasi ya burudani kama kawaida. Safari hii tutaimba yetu."

"Shangazi, hapa anatakiwa wakili, si ngoma."

"Wakili atasema na mtu mmoja kwenye chumba. Mimi nataka wasikie wote, na wasikie pamoja."

Wakafanya mazoezi pale pale chini ya kijumba, kati ya nguzo, alasiri jua likipoa. Mimi nilikuwa fundi wa sare, na kwa kuwa nilikuwepo nikajitia mtunzi. Wimbo aliuchagua shangazi: ule wa kuamia ndege, mstari wa kwanza wa zamani, mistari mingine mipya. Niliwaletea ubeti mtamu sana ambamo yule afisa ni kwelea mwenye tai. Akina mama walicheka wakapigana mikono. Shangazi akaukataa.

"Ukimwita mtu ndege unataka afanye nini? Ataruka aende zake. Mwite jirani."

Kulikuwa na mnong'ono pia juu ya yule mama Msukuma. Wapo ambao mpunga wao uliwahi kuliwa na ng'ombe, na machungu hayo hayaishi haraka. Mmoja akasema wazi kwamba yeye haimbi na mke wa mfugaji. Shangazi akarekebisha hereni.

"Ng'ombe wamekwenda kusini. Aliyebaki ana sauti. Ataongoza waitikiaji."

Na kweli aliongoza. Aliunda kundi la pili, akawafundisha kukanyaga kwa pamoja na kuzungusha majembe hewani kama wanavyofanya kwao wakilima kwa ngoma, mpaka mbao za kijumba zikawa zinatetemeka juu ya vichwa vyetu na picha ya harusi ikaanguka. Yule aliyegoma alikuwa wa kwanza kujifunza kuzungusha jembe. Mtaa mzima ukaushika wimbo bila kutaka. Muuza kambale aliuimba akipara samaki, watoto waliuimba wakienda kuchota maji:

Jirani ee, uko macho?
Niko macho, niko juu!
Maji yalikuja, yalikukuta wapi?
Yalinikuta juu, yakapita chini!
Wanasema si nyumba, nawe wasemaje?
Nimelala humo, nimeamka humo!

Siku ya mkutano ilikuwa na jua kali. Uwanja wa shule ya msingi, turubai, meza kuu yenye kitambaa cha satini na maji ya chupa. Shangazi na waitaji wake walifika mapema, sare zimewakaa vizuri hata mimi nikajisifu. Waitikiaji, wale wa mama Msukuma, walikuwa waje na majembe yao kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, kutoka chini. Hawakuonekana. Nikapiga simu.

"Tumezama," ile sauti nzito ikanijibu. "Pawatila limezama kwenye tope la mtoni mpaka tumboni. Tunasukuma."

Mshereheshaji naye hakuwa na habari na mtu. Akatangaza burudani fupi, halafu ajenda inayofuata ujenzi holela. Nikamkimbilia shangazi nikamwambia aombe wasogezwe mbele.

"Nafasi ikipita imepita," akasema, akapanga waitaji wake, akaita.

"Jirani ee, uko macho?"

Kimya. Wale waliokuwa nyuma yake wangeweza kuitikia, lakini hawakufanya hivyo, na sikushangaa. Hakuna aliyefundishwa kujiitikia mwenyewe. Anayejiitikia anawadanganya ndege na anajidanganya mwenyewe. Akaita mara ya pili. Watu wakaanza kujigeuza kwenye viti. Mwenyekiti wa mtaa akatazama saa. Nikaona aibu yetu sote inakuja na kijumba kinaondoka, yote kwa sababu ya pawatila. Shangazi akageuka upande wa barabara ya chini, ambako wenzake walitakiwa kutokea, na barabara hiyo ilikuwa nyuma ya meza kuu. Akaweka mkono sikioni. Akaita mara ya tatu, sauti ndefu kabisa, ile ya shambani yenyewe, inayovuka maji.

"Niko macho, niko juu!"

Ilikuwa sauti ya kiume, imetoka meza kuu. Afisa mipango miji amesimama, chupa ya maji mkono mmoja, mkono mwingine uko juu ya kichwa unazunguka kama ulioshika kombeo. Sidhani kama alijua amesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Uwanja ukalipuka kwa kelele, akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakagonga fimbo chini.

Shangazi hakutabasamu wala hakungoja makofi. Jirani akishaamka wimbo unaendelea, basi akaendelea na mstari wa pili. Afisa hakuujua, ni mpya. Lakini mtaa uliujua. Uwanja mzima ukaitikia kwamba yalinikuta juu, yakapita chini, na mstari wa tatu uliitikiwa hata na mtendaji aliyeleta rangi. Afisa alibaki amesimama, anagonga meza kwa kiganja, anacheka huku anafuta jasho. Nilimwangalia nikasahau kabisa kwamba ninamchukia.

Katikati ya hayo wakaingia waitikiaji, tope mpaka magotini, majembe mabegani, wakakuta sehemu yao inaimbwa na mkutano mzima.

"Ninyi watu!" mama Msukuma akasema, akasimama ameshika kiuno. "Tumesukuma mashine kumbe mnaimba wenyewe!"

Kisha akashusha jembe, wakakanyaga, na vumbi la uwanja ule likapanda mpaka kwenye satini.

Walipotulia afisa akaomba nafasi. Alikuwa bado anahema.

"Nimeitikia," akasema. "Kwetu Chita ukishaitikia huwezi kusema hukuwaona ndege. Kesho nitakuja kuviona hivyo vijumba, kimoja kimoja, na nitaandika nilichokiona. Lakini niwaambie ukweli, ndugu zangu, sheria haifutwi kwa wimbo. Itabadilishwa kwa kazi, na kazi hiyo nitaifanya."

Alikuja kweli. Alivua viatu chini ya ngazi, akasema shikamoo mama, akaambiwa marahaba, panda. Akakaa kitandani, maana pengine pa kukaa hapakuwepo, akatazama vitu vilivyoning'inia akiwa ametulia kabisa. Alipima, akatikisa nguzo, akashuka akachungulia chini. Halafu akaanza kukosoa. Mafiga yako chini ya sakafu ya mbao, siku moja utaungua. Choo kiko karibu mno na kisima, maji yakijaa yanachanganyika. Nikafungua mdomo nimjibu.

"Nyamaza," shangazi akaniambia. "Anasema kweli."

Sijawahi kuona mtu anayepigania kitu chake kwa nguvu hivyo na bado anakubali kuambiwa kasoro yake. Kesho yake alihamisha jiko. Na yule afisa, nimpe haki yake, alifanya kazi aliyoahidi. Alikwenda vikao, akarudi, akapima tena, akabishana na wakubwa wake. Mwisho halmashauri ikakubali kwamba katika mitaa ya mafuriko nyumba ya miguu ni nyumba, mradi nguzo zizame vya kutosha, jiko litengwe, choo kiinuliwe. Sharti moja tu lilikataa kulegezwa: vyumba viwili.

Wengine halikuwasumbua, walikwisha kugawa ndani. Aliyekuwa na chumba kimoja ni shangazi, aliyeanzisha yote. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alipandisha sauti mpaka kilemba kikalegea.

"Chumba cha pili cha nini? Niweke nini humo, upepo?"

"Mama, hapo nimegonga mwamba," afisa akasema. "Viwili, au siwezi kutia sahihi."

Mimi nilikuwa nacheka peke yangu pembeni, nimefurahi kuona hasira iko kwa mtu mwingine. Shangazi alinuna, akawa hasalimiani na fundi, lakini akamruhusu asimamishe nguzo nyingine upande wa nyuma na kuongeza chumba. Kibali kikatoka. X kwenye nguzo akaipaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Chumba kile kipya hakukiwekea hata msumari wa kuning'iniza kitu. Alikifagia tu, kila siku, anasonya.

Furaha yetu haikukaa sana. Kijumba cha mama Msukuma kilikuwa ndani ya hifadhi ya mto, ule ukanda wa ukingoni usioruhusiwa kujengwa kitu, na hilo halikuhusu miguu wala vyumba. Safari hii hakutumwa mpaka rangi. Afisa alikuja mwenyewe, akasimama mbele yake kofia mkononi. Mama akaanza yeye.

"Najua, baba. Nilijenga hapa ili nimwagilie mboga kwa karibu."

Mimi nililia kwa hasira. Nikasema twendeni tukaimbe tena, twende hata mkoani. Mama Msukuma akanishika bega.

"Huu mto hauna mkutano wa hadhara, dada," akasema. "Nyinyi mmeniitikia vya kutosha."

Kikundi kizima kilikwenda kukifungua kijumba chake, ubao kwa ubao, ili asipoteze kitu. Aliyekataa kuimba na mke wa mfugaji ndiye alikuwa juu ya bati anang'oa misumari. Hakuna aliyeimba. Tukapakia mbao, godoro, sufuria na gunia la mpunga kwenye tela la pawatila. Mama alisema anakwenda kusini kumtafuta mumewe. Simu ya mume haikuwa inapatikana, lakini angeanza kuulizia barabarani.

Tela lilipopita mbele ya kijumba cha shangazi, yeye alikuwa amesimama katikati ya njia. Dereva akapiga honi. Hakusogea. Alikuja pembeni ya tela, akashika godoro akaanza kulivuta.

"Dada, unafanya nini?" mama Msukuma akamuuliza.

"Shusha vitu vyako."

"Mimi siwezi kukubana. Watu wote wanajua unavyopenda nafasi yako."

Shangazi akaacha kuvuta. Akafunga upya kilemba.

"Nilikikataa kile chumba kwa sababu sikujua ni cha nani," akasema. "Sasa najua. Panda."

Mama Msukuma aliteremka, akajifuta uso kwa kanga, akapanda ngazi polepole. Mimi nikajitwika gunia la mpunga nikamfuata.